Paa la Wanawake

Nyumba niliyolala Fez haina dirisha hata moja la kutazama njia. Ni ukuta mtupu, mlango mzito, kisha kijia kilichopinda kona ili mpita njia asichungulie ndani. Ghafla unatokea uani: chemchemi, michungwa, vigae vilivyochongwa kimoja kimoja kwa nyundo. Mimi mzaliwa wa Lamu niliitambua adabu ile mara moja, ingawa nilikosa daka la kukaa nje na kuamkiana na watu.

Nyumba ya namna hii huitwa riad, yaani bustani. Wafaransa walipoitawala Moroko mwaka 1912, mkuu wao, Jenerali Lyautey, aliuacha mji mkongwe na kujenga mji mpya kando yake. Matajiri wakahamia huko kidogo kidogo. Nyumba zao zikapangishwa chumba kwa chumba. UNESCO iliutambua mji mkongwe mwaka 1981, na baadaye majumba mengi yakageuzwa ya wageni.

Lakini kilichonigusa ni paa. Zamani lilikuwa la wanawake. Hapo walianika nguo na nafaka, wakapeana habari juu ya kuta, wakaliona anga lote. Fatema Mernissi, aliyezaliwa Fez mwaka 1940, ameyaandika maisha hayo kwa mapenzi makubwa.

Jioni tuliletewa chai ya nanaa huko juu, wageni sita, wanaume wanne. Kwenye paa la jirani, mama mmoja alikuwa akianua mablanketi. Alipotuona alijitanda mtandio, akashuka, na mablanketi mawili yakabaki kambani.