Mkesha na Ua la Mbololo

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau kutoka Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na uzao wake leo unapamba madirisha ya Ulaya na Marekani. Ndugu yake wa Kenya hakupata umaarufu huo. Saintpaulia ya Taita huota porini katika mlima mmoja tu, Mbololo, ikiwa imeng'ang'ania miamba yenye unyevu, majani yake manene yakiwa na vinyweleo. Katika msitu huohuo anaishi mkesha wa Taita, ndege mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na mbavu za kahawia, anayepekua majani makavu chini ya miti akitafuta wadudu.

Wapo wanaosema ua halina haja ya kuhangaikiwa, kwa kuwa linaoteshwa vyunguni kwa mamilioni, na kwamba wa kuhurumiwa ni ndege peke yake. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Maua ya dukani yametokana hasa na mimea ya Usambara iliyochanganywa kwa zaidi ya karne; hayawezi kusimama badala ya yale ya Mbololo. Ndege naye ni wa kuhurumiwa kweli, kwa kuwa mabawa yake hayamwokoi kama tunavyodhani: ni ndege wa kivuli, na mara chache huvuka mashamba kwenda kipande kingine cha msitu, Ngangao au Chawia.

Wengine huwalaumu wakulima wa Taita kwa msitu huo kubaki vipande vipande. Ni kweli miteremko ililimwa, lakini Wataita hao hao walitunza misitu ya fighi, mahali patakatifu ambapo mti haukukatwa ovyo. Ukoloni ulichukua tambarare kubwa kwa mashamba ya mkonge, na mwaka 1948 Tsavo ikatengwa kuwa hifadhi ya taifa; mtu aliyehitaji shamba akabaki na mlima. Baadaye misonobari na mikaratusi ikapandwa penye msitu wa asili. Kwa hiyo naona kurudisha miti ya asili kati ya vipande hivyo, pamoja na wakulima wanaopakana navyo, kutamfaa mkesha na ua pia zaidi kuliko kitalu chochote cha mbali.