Ngoma Zilizosema

Wasomaji wa Mboko na wa kando zote za ziwa, ninyi mwajua ya kuwa katika Kibembe kupanda na kushuka kwa sauti si pambo la maneno. Ndivyo ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu za Kongo, ijapokuwa Kiswahili kimeiacha desturi hiyo. Juu ya jambo hilo wazee wa Kongo walijenga elimu kubwa, yaani ngoma zenye kusema.

Mwaka 1877 Stanley alipotelemka mto Kongo, habari za safari yake zilimtangulia kwa ngoma. Wazungu walizisikia, wala hawakufahamu. Mwaka 1938 alifika Yakusu, karibu na Kisangani, mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza, John Carrington. Alijifunza lugha ya Walokele, akaifumbua siri hiyo. Kitabu chake juu ya ngoma kilitoka mwaka 1949.

Ngoma ya Walokele haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa kwa kupitia mwanya mwembamba. Mdomo mmoja hutoa sauti ya juu, wa pili sauti ya chini. Basi, mpigaji hawezi kutoa herufi; hutoa kupanda na kushuka kwa neno tu. Hapo ndipo penye taabu. Neno songe, maana yake mwezi, na neno koko, maana yake kuku, yote mawili ni juu-juu. Msikilizaji aliye mbali atajuaje?

Wazee waliongeza maneno. Hawakupiga mwezi peke yake, bali mwezi utazamao nchi chini. Wala kuku peke yake, bali kuku mdogo aliaye kiokio. Mafungu hayo ni ya kudumu. Kila moja lina mwendo wake wa sauti, na msikilizaji huunganisha mapigo, akalipata neno zima. Hata upepo ukiiba pigo moja, yaliyobaki humtosha. Ujumbe ulikuwa mrefu, lakini ulifika.

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alieleza kwa hesabu sheria iyo hiyo kwa simu na telegrafu: alama za ziada huokoa ujumbe usipotee katika makelele. Wazee wa Kongo walikuwa wamekwisha kuitumia.

Carrington aliona pia vijana wakiacha kujifunza ngoma. Mafungu yasipofundishwa, mapigo hubaki kelele tupu, kwani hakuna awezaye kurudisha neno kutoka juu na chini pekee. Basi, ninyi mlio na wazee, waulizeni mapema.