Mizani ya Usomaji: Historia Fupi ya Kuwapima Watoto Waanzao Kusoma Kiswahili

Utangulizi

Waswahili wakitaka kusema kwamba mtu hajui kusoma hata chembe, husema hajui alifu kwa kijiti. Ikiwa kijiti hicho ni kile alichoshika mwalimu kuonyeshea herufi, au ni mfano wa alifu yenyewe iliyosimama wima, maana haibadiliki. Msemo huu ulizaliwa chuoni, na ndani yake mna kipimo kamili: mna herufi, mna mtoto aulizwaye, na mna mtu mzima amsikilizaye. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya kipimo hicho tangu chuo cha pwani hadi majaribio ya shule za msingi za Kenya katika karne ya sasa. Hoja yake ni kwamba ufundi wa kumsikiliza mtoto akisoma ulipotea kwa muda mrefu na hatimaye ukarudi, lakini ulirudi ukiwa na kizio ambacho hakikutokana na Kiswahili.

Kipimo cha chuoni

Katika vyuo vya Kurani vya mwambao, mtoto alianza kwa kuzitambua herufi moja moja ubaoni. Baadaye alifundishwa kuziunganisha na irabu, yaani fataha, kasira na dhuma, ndipo akaingia katika sura fupi za juzuu ya Amma, akaendelea mpaka akahitimu. Hapakuwa na mtihani wa mwisho wa mwaka. Kila mtoto alikuwa na somo lake, na hakuvuka kwenda somo la pili ila baada ya mwalimu kumsikiliza na kuridhika naye. Kwa hiyo watoto ishirini waliokaa katika mkeka mmoja waliweza kuwa katika masomo ishirini mbalimbali, na mwalimu akajua kila mmoja amefika wapi.

Hapana budi kukiri kasoro ya kipimo hiki. Lugha iliyosomwa ilikuwa Kiarabu, nayo watoto wengi hawakuifahamu. Mwalimu alipima usahihi wa matamshi na uthabiti wa kumbukumbu; ufahamu aliuachia siku za mbele. Hata hivyo, hati hizo hizo ndizo zilizotumiwa na washairi wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja kuandikia Kiswahili. Nao washairi hao walikuwa na kipimo chao cha lugha. Hawakuhesabu maneno, walihesabu mizani, yaani silabi. Kipande cha utenzi hutimia kwa mizani minane, iwe maneno yake ni mawili au ni matano. Jambo hili litarejelewa, kwa maana ndilo kiini cha makala haya.

Wamisheni na nafasi baina ya maneno

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1870. Kwa juhudi za watu kama hao, lugha hii iliingia katika hati za Kirumi na katika madarasa ya misheni. Katika misheni nyingi kusoma na kubatizwa vilikwenda pamoja, na ndiyo sababu wafuasi wa kwanza wa dini hiyo waliitwa wasomaji. Wakikuyu waliwaita athomi, na maana ni ile ile. Hapa pia kipimo kilikuwa cha sikio: mtu alipewa Injili, akasoma, akasikilizwa. Tofauti ni kwamba sasa alisoma lugha aliyoweza kuifahamu.

Lakini uchapaji wa Kirumi ulileta swali ambalo mshairi wa kale hakusumbuliwa nalo sana: nafasi iachwe wapi? Tahajia za waandishi wa kwanza hazikuwa moja. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikachukua kazi ya kusanifisha tahajia ya vitabu vya shule. Desturi iliyothibitika ni ya kuambatanisha viambishi vyote vya kitenzi: nafsi, wakati, mtendwa na mzizi huandikwa kama neno moja.

Desturi hiyo haikuwa ya lazima. Kisotho na Kitswana ni lugha za Kibantu, lakini katika maandishi yake viambishi vingi vya mwanzo wa kitenzi hutenganishwa na mzizi, ilhali Kizulu huviambatanisha kama Kiswahili. Neno lionekanalo katika ukurasa, basi, si kitu kilichoumbwa na lugha peke yake. Kwa sehemu kubwa ni maafikiano ya waandishi. Jambo hili lina uzito kwa yeyote atakaye kuhesabu maneno asomayo mtoto.

Karatasi yalichukua nafasi ya sikio

Kadiri shule zilivyoongezeka, serikali ilihitaji njia ya kuchuja wanafunzi wengi kwa nafasi chache. Ripoti ya Kamati ya Beecher ya mwaka wa 1949 ilipendekeza mfumo wa miaka minne ya msingi, minne ya kati na minne ya sekondari, na mitihani ikasimama kama milango baina ya ngazi hizo. Mwishoni mwa darasa la nane palikuwa na mtihani ulioitwa KAPE. Baada ya uhuru ukaja KPE, kisha CPE.

Mitihani hii ilikuwa ya karatasi na kalamu. Ilimwuliza mtoto wa miaka kumi na kitu mambo aliyoyasoma, ikachukulia kwamba kusoma kwenyewe amekwisha kukujua. Mtoto wa darasa la pili au la tatu aliyeshindwa kuunganisha silabi hakuwa na mtihani wa kumfichua. Alikaa nyuma ya darasa, akapandishwa mwaka hata mwaka. Na kwa kuwa maswali mengi ya CPE yalikuwa ya kuchagua jibu, hata mwishoni aliweza kubahatisha.

Kwa upande wa lugha, hali ya Kiswahili ilikuwa ngumu zaidi. Mpango mpya wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ulioanzia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, uliungwa mkono na Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964. Tume hiyo ilitaka Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini CPE haikuwa na karatasi ya Kiswahili, na somo lisilotahiniwa aghalabu huachwa. Kamati ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilirudisha hoja ya kuanza kwa lugha ya mazingira ya shule, na Kiswahili kitumike panapochanganyika lugha nyingi. Hata hivyo, Kiswahili hakikutahiniwa katika mtihani wa taifa wa shule za msingi mpaka ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, na KCPE pamoja nao. KCPE nayo, iliyofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ilikuwa mtihani wa mwisho wa safari, wala haikuwa kipimo cha mwanzo wake.

Kurudi kwa sikio

Mabadiliko yalikuja katika muongo wa kwanza wa karne ya 21. Mwaka wa 2007 jaribio lijulikanalo kwa ufupi kama EGRA lilitumiwa wilayani Malindi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mpimaji huketi na mtoto mmoja, humpa ukurasa wa herufi, kisha wa maneno, kisha kifungu kifupi, akashika saa na kuhesabu alichosoma sawasawa katika dakika moja. Baadaye humwuliza maswali ya ufahamu. Mwaka wa 2009 ulianza mradi wa Uwezo, ulioiga mfano wa ASER ya India ya mwaka wa 2005. Huo uliwafuata watoto nyumbani kwao nchini Kenya, Tanzania na Uganda, ukawapima kwa ngazi zilizopanda hatua kwa hatua hadi hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Ilibainika kwamba watoto wengi waliokwisha kupita darasa la pili hawakuweza kusoma hadithi hiyo. Habari hii iliwashtua wazazi na viongozi, wala haikupaswa kumshangaza yeyote aliyeijua historia. Kwa miaka mingi taifa halikuwa limewasikiliza.

Tatizo la kizio

Sikio lilirudi, lakini pamoja na saa na hesabu ya maneno. Njia ya EGRA inatokana kwa sehemu kubwa na vipimo vilivyotungwa Marekani kwa ajili ya watoto wasomao Kiingereza, lugha yenye maneno mengi mafupi na tahajia isiyolingana na matamshi. Watahini wa Kenya walitambua kwamba kipimo hicho hakiwezi kuhamishwa vivi hivi. Viwango vilivyokubaliwa kwa msomaji mwepesi vilikuwa maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza na 45 katika Kiswahili. Marekebisho hayo yalikuwa ya busara. Lakini yalipunguza idadi tu, na kizio chenyewe hakikuguswa.

Yachunguzwe mafungu mawili ya maneno. La kwanza: Paka huyu ni wa mjomba. La pili: Watoto hawakutuona. Yote mawili yana silabi tisa. La kwanza lina maneno matano, la pili mawili. Tuseme mtoto husoma silabi 90 kwa dakika. Akipewa sentensi za namna ya kwanza atasoma maneno 50, naye ataitwa msomaji mwepesi. Akipewa za namna ya pili atasoma maneno 20, naye ataitwa dhaifu. Mtoto ni yule yule, macho ni yale yale, na kasi ni ile ile. Kweli vifungu vya majaribio huchanganya maneno mafupi na marefu. Lakini mchanganyiko ukibadilika mwaka hata mwaka, idadi hupanda au hushuka bila mtoto kuongeza wala kupoteza maarifa.

Jambo la pili ni hatari zaidi. Uchunguzi uliofanywa Kenya katika miaka ya 2010 ulionyesha kwamba watoto walisoma maneno mengi zaidi kwa dakika katika Kiingereza kuliko katika Kiswahili, ilhali walifahamu zaidi walichosoma kwa Kiswahili. Atazamaye safu ya kasi peke yake atahukumu kwamba Kiingereza ndiyo lugha ifaayo kuanzia. Hukumu hiyo ingerudisha kasoro ile ile ya chuoni, ya kutamka bila kufahamu, na safari hii bila subira ya mwalimu wa chuo.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kila zama zilipima kile zilichokithamini: chuo kilipima matamshi, misheni ilipima usomaji wa Injili, serikali ilipima wa kuchujwa, na miradi ya sasa imepima kasi. Kumsikiliza mtoto mmoja mmoja katika madarasa ya chini ni urithi unaostahili kushikwa, na hauhitaji fedha nyingi wala wageni. Linalohitajika ni kizio kinachokubaliana na lugha. Kiswahili kina silabi wazi, kina irabu tano zisizobadilika, na mtoto wake hufundishwa tangu siku ya kwanza kwa ba, be, bi, bo, bu. Vifungu vya majaribio vingeweza kusawazishwa kwa idadi ya silabi, na kasi ikatajwa kwa silabi, mradi ufahamu uwekwe mbele ya yote mawili.

Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wataalamu wa takwimu peke yao. Neno ni nini, silabi huishia wapi, na m ya mtu ihesabiwe vipi, hayo ni maswali ya wanaisimu, na idara za lugha zina wajibu wa kuyajibu kabla mtoto hajaandikiwa kwamba hajui. Washairi waliyajibu zamani. Kipimo chao wamekiita mizani mpaka leo.