Nani Alikuwa Anachoma CD?

Wasee, kabla bando zishuke bei, muvi na nyimbo hapa Thika na Ruiru zilitembea kwa CD za MB 700. Kuzichoma kwa Linux, uliandika amri: cdrecord, programu ambayo Mjerumani Jörg Schilling alitoa miaka ya 1990. Baadaye ikaja K3b, yenye madirisha na vitufe. Wengi walidhani K3b ndiyo inachoma. Zii! Ilikuwa inatuma cdrecord kazini. Lakini naipea heshima: kazi ikigoma, ungeweza kuiambia ikuonyeshe amri yenyewe iliyotumika. Hapo hata sisi tulioacha chuo tunaweza kujifunza bure. Schilling aliaga 2021. Kitufe kizuri hakimfichi fundi.