Noeli, neno lisilongoja kibali

Kilwa ya Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukingoni mwa Ziwa Mweru, husherehekea Noeli, si Krismasi. Neno lilikuja na Kifaransa, Noël, lakini mzizi wake ni Kilatini, natalis, "-a kuzaliwa". Wapo wanaosema ni deni la ukoloni, bora tulirudishe. Rais Mobutu, zama Kongo ikiitwa Zaire, alifikiri karibu hivyo: 1972 aliwavua Wazaire majina ya Kikristo, na 1974 akaiondoa Noeli katika sikukuu za taifa. Leo Zaire haipo, ila Noeli imerudi kwenye kalenda ya Serikali na haikuwahi kutoka vinywani. Kama ugeni ungekuwa kosa, tungefuta pia kanisa na injili, maneno yaliyotufikia kupitia Kiarabu. Neno huwa la mtu kwa kulitumia, si kwa kulizaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inasema dola ya Kongo haina dini, mbona basi Serikali ipumzike kwa ajili ya Noeli? Dola kutokuwa na dini si kuwafunga wananchi midomo. Ni kutoiazima midomo yao. Uchaguzi wa 2018 ulifanyika Desemba 30, na wa 2023 ulianza Desemba 20. Msimu kama huo, "Noeli njema" ya mgombea huweza kuwa ombi la kura lililovikwa kanzu. Tulilinde neno dhidi ya hilo, si dhidi ya Kifaransa.