Zahanati ya Haight-Ashbury

Mwanakemia Albert Hofmann, wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, aliiunda dawa ya LSD mwaka 1938, wala hakuitambua taathira yake katika akili ya binadamu hata ulipofika Aprili 1943, ilipomwingia mwilini pasipo kukusudia. Katika miaka ya 1950 matabibu kadhaa, miongoni mwao Humphry Osmond huko Kanada, waliitumia kuwatibu walevi; na ajabu ni kuwa kitu kilichotarajiwa kuwa shifaa kikageuka kuwa balaa kilipotoka mikononi mwa matabibu na kuenea kwa vijana. California iliiharamisha Oktoba 1966, lakini vijana kwa maelfu walikwisha kumiminika mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, na Juni 1967 Dakta David Smith akafungua huko zahanati isiyotoza malipo. Aliyeshikwa na hofu na maruweruwe ya LSD hakukaripiwa wala kutiwa pingu, bali aliketishwa katika chumba kitulivu, akasemezwa kwa upole mpaka fahamu zikamrejea. Kwa rai yangu, hiyo ndiyo tiba yenye insafu, ingawa haikutosheleza: LSD haiufungi mwili kama afyuni, na utulivu hufaa; lakini amfetamini, kisha heroini, zilipoingia mtaani, ilibidi zahanati ianzishe matibabu marefu ya kuwaachisha waraibu.