Kikopo kilikuwa kimejaa: historia fupi ya breki za mafuta

Najua wengi wenu mnasubiri sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo nataka kuandika juu ya breki za gari, kwa sababu zilinifunza jambo ambalo miaka minne ya kusomea sayansi ya kompyuta haikunifunza vizuri.

Mwezi uliopita nilikuwa nimpeleke mama Narok kwa gari la mzee. Usiku wa kuamkia safari mzee akanipigia simu: "Umeangalia breki?" Nikamjibu, "Nimeangalia, mzee." Sikudanganya. Nilikuwa nimefungua boneti, nikapima oili ya injini, nikaangalia maji ya rejeta, kisha nikatazama kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yalikuwa karibu na alama ya MAX. Nikafunga boneti nikaenda kulala.

Kesho yake tukashika ile barabara ya zamani ya kuteremka Mai Mahiu, iliyochongwa na mateka wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mbele yetu kulikuwa na lori linalotambaa, nami nikawa nimeweka mguu kwenye breki karibu muda wote. Katikati ya mteremko nikakanyaga, pedali ikazama mpaka chini. Nikarudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, nikavuta handibreki kidogo kidogo, na Mungu akasaidia tukasimama pembeni. Mama hakusema neno. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

Ajabu ni kwamba baada ya nusu saa nilikanyaga tena na pedali ikawa ngumu kama kawaida. Wenzangu wa programu mnaijua hali hii: hitilafu inayotoweka ukianza kuitafuta. Tukamwita fundi, akapanda kwa bodaboda. Alifungua kile kikopo, akatazama mafuta yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi, akauliza swali moja tu: "Haya yalibadilishwa lini?" Sikuwa na jibu. Nilipompigia mzee, naye hakuwa na jibu.

Ili kuelewa kwa nini fundi aliuliza hivyo, turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza yalisimamishwa kwa vyuma na nyaya. Ulikanyaga pedali, waya ukavuta breki. Shida ni kwamba nyaya hulegea kila moja kwa kiasi chake, basi gurudumu moja linashika mapema kuliko jingine na gari linavuta upande. Dawa yake ilikuwa imefahamika tangu karne ya 17, Mfaransa Blaise Pascal alipoeleza kwamba ukikandamiza kimiminiko kilichofungiwa, shinikizo husambaa sawa pande zote. Mwaka 1917 Mmarekani Malcolm Loughead alipata hataza ya breki zinazotumia kanuni hiyo. Jina lake lilitamkwa Lockheed, na ni kwa tahajia hiyo lilivyojulikana, kwenye breki na pia kwenye ndege alizoanza kuunda pamoja na ndugu yake Allan.

Mwaka 1921 Duesenberg waliuza gari lenye breki za namna hiyo kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1924 Chrysler wakazitia kwenye gari la bei nafuu zaidi. Ford walishikilia breki za vyuma na nyaya hadi magari yao ya 1939. Hofu ya waliochelewa haikuwa ya kijinga. Waya mmoja ukikatika, breki nyingine zinabaki. Lakini katika mfumo wa mafuta wa siku zile, bomba moja likipasuka, mafuta yote yanamwagika na breki zote zinakwisha kwa mpigo mmoja.

Ilichukua miongo kadhaa kuliondoa tatizo hilo. Mwaka 1962 Cadillac walianza kutumia masta silinda yenye sehemu mbili, kila sehemu na mabomba yake. Ikivuja moja, nyingine inasimamisha gari. Kuanzia 1968 sheria ya Marekani ikailazimisha kwa magari madogo mapya, na leo karibu kila gari unaloliona Nairobi lina njia mbili.

Hata gari la mzee lina njia mbili! Mbona basi zote ziliniacha pamoja? Kwa sababu mabomba ni mawili lakini mafuta ni yale yale, yenye umri ule ule. Ni kama kuweka seva mbili ili moja ikizima nyingine iendelee, halafu ukazichomeka zote kwenye waya mmoja wa stima.

Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani taratibu, hata kupitia kwenye mipira. Usidhani watengenezaji walikosea. Maji yasipochanganyika na mafuta, hutuama sehemu ya chini kabisa karibu na magurudumu, yakaozesha vyuma na kuchemka kwenye nyuzi 100 tu. Afadhali yachanganyike. Lakini kuna gharama: DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, ila ikishanyonya maji kiwango kinachokubaliwa kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukiteremka umeshikilia breki, joto hupanda, mafuta yaliyozeeka huchemka, na mapovu ya mvuke hujaa ndani ya mabomba. Mafuta hayabonyezeki, lakini mvuke unabonyezeka. Mguu wako unabonyeza mapovu. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali "inapona".

Kwa hiyo, siku hizi kila mwezi nafanya hivi nyumbani, injini ikiwa baridi:

1. Naangalia kiwango cha mafuta ya breki, lakini siongezi ovyo. Hupungua polepole pedi zinapoisha, kwa hiyo ukijaza tu unaficha habari. Yakipungua ghafla, kuna mahali panavuja: usiendeshe.
2. Nakanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, kisha naikandamiza kwa nusu dakika. Ikizama polepole, nampigia fundi. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani.
3. Bado nimeikandamiza, nawasha injini. Inapaswa kushuka kidogo. Isiposhuka, buta ya breki ina shida.
4. Nachungulia unene wa pedi kupitia matundu ya rimu.
5. Naangalia tarehe. Watengenezaji wengi wanashauri mafuta yabadilishwe yote kila miaka miwili.

Na tafadhali, usiongeze oili ya injini au ya gia kwenye kikopo hicho hata tone. Huvimbisha na kuharibu raba za ndani.

Hiyo namba tano ndiyo niliyoikosa. Kikopo kilinijibu swali la kiasi, nami nikalichukua kama jibu la swali la hali. Mzee aliuliza kuhusu breki, nikamjibu kuhusu kikopo.

Fundi alipomaliza kubadilisha mafuta nilibandika kipande cha plasta kwenye kifuniko na kuandika mwezi na mwaka. Kisha nikampigia mzee nikamwambia tarehe. Naye akaniuliza, "Na mama yako?" Mama akachukua simu, akasema tutaendelea na safari, lakini nishuke na gia ya pili.

Tulishuka na gia ya pili. Haya, kwenu je? Yenu yalibadilishwa lini?